Mbwa Mwitu wa Yusufu na Wanyama wa Mara: Ushahidi wa Kimazingira Kama Kanuni ya Usomaji

Utangulizi

Mfugaji wa Isinya akiamka alfajiri akakuta ng'ombe wawili hawamo bomani, haanzi kwa kuuliza ni nani aliyeona. Huinama. Hutazama kwato zimeelekea upande gani, kama umande umepukutika kwenye majani, kama kinyesi kingali na ubichi, na kama kando ya kwato pana alama ya akala. Kwa vitu vidogo kama hivyo hujenga kisa kizima: wezi walikuwa wangapi, walipita wakati gani, walikuwa na haraka au la. Akifika kwenye barabara ya lami iendayo Namanga nyayo humpotea, na kisa chake hukatika hapo, hata kama moyoni anadhani anamjua mwizi.

Usomaji wa namna hii mahakamani huitwa ushahidi wa kimazingira. Ni ushahidi usiotoka kwa mtu aliyeliona tendo lenyewe bali kwa mambo yanayolizunguka tendo: simu iliyozimika ghafla, damu ndani ya gari, mtu wa mwisho kuonekana na marehemu. Katika kesi za mauaji ushahidi huu si nadra, maana muuaji aghalabu hachagui kuua mbele ya halaiki, na shahidi aliyejua zaidi ndiye aliyekwisha kuzikwa.

Makala haya hayaandikwi na mwanasheria. Yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni ambayo mahakama zetu zimeiweka juu ya ushahidi wa aina hii ni kanuni ya usomaji, tena kali kuliko ile tunayoitumia sisi wahakiki. Na kwamba fasihi tunayoipenda, hasa riwaya ya upelelezi, imetuzoeza kusoma kinyume chake. Wala si suala la nadharia tupu. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataja kifo kwa kosa la mauaji. Mahakama ya Juu, katika shauri la Muruatetu la mwaka 2017, iliondoa ulazima wa adhabu hiyo; haikuiondoa adhabu yenyewe. Mwanafunzi aliyeisoma riwaya vibaya hupata alama mbaya. Jaji aliyeyasoma mazingira vibaya humpeleka mtu kwenye chumba cha waliohukumiwa kifo, na ijapokuwa Kenya haijamnyonga mfungwa tangu mwaka 1987, miaka inayopotea mle ndani hairudi.

Mnyororo na kamba

Kauli inayorejelewa mno katika hukumu za Afrika Mashariki ni ile ya Mahakama ya Rufaa ya kanda hii katika shauri la Kipkering arap Koske la mwaka 1949. Kwa ufupi, mahakama ilisema kwamba mambo yanayomwelekea mshtakiwa sharti yawe hayapatani kabisa na kutokuwa kwake na hatia, na yasiweze kuelezwa kwa njia nyingine yoyote ya busara isipokuwa kwamba yeye ndiye aliyetenda; na mzigo wa kuthibitisha hivyo haumtoki mshtaki. Miaka 9 baadaye, katika shauri la Simoni Musoke la mwaka 1958, iliongezwa tahadhari nyingine: kabla ya kufikia uamuzi, mwamuzi ajiridhishe kuwa hakuna mambo mengine yaliyopo sambamba na hayo ambayo yangeudhoofisha au kuuvunja uamuzi wenyewe.

Tuitazame kauli hii kwa jicho la mhakiki. Haiulizi kama hadithi ya mshtaki inasadikika, wala kama ina muwala. Inauliza kama ipo hadithi nyingine. Mshtaki anaweza kusimulia kisa kisicho na ufa, chenye mwanzo, kati na mwisho, na bado ashindwe kwa sababu vitu vilevile vinaweza kusimuliwa upya na mtu mwingine bila kulazimisha mambo. Sisi katika idara zetu mara ngapi tumeandika kwamba fulani ni taswira ya ukoloni mamboleo, tukataja mifano mitano, tukashukuru? Mhariri hatuulizi kama mifano hiyohiyo mitano ingeweza kubeba maana tofauti. Angekuwa Koske ndiye mhariri, majarida yetu yangekuwa membamba.

Ipo pia tofauti ya sitiari, nayo si ndogo. Katika shauri la Abanga, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilizungumzia mnyororo uliokamilika kiasi kwamba hakuna upenyo wa kutokea. Lakini jaji mmoja wa Uingereza, Pollock, alikuwa ameikataa sitiari hiyo tangu mwaka 1866 katika shauri la Exall. Hoja yake ilikuwa kwamba mnyororo hukatika pete moja ikikatika, ilhali ushahidi wa kimazingira unafanana zaidi na kamba: uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo, nyuzi tatu zikisokotwa pamoja huenda zikaweza. Ni dhahiri kwamba kila sitiari inaleta hatari yake. Anayeamini mnyororo ataacha kesi nzuri ivunjike kwa ajili ya pete moja isiyo na uzito. Anayeamini kamba atashawishika kusokota tetesi kumi akidhani kumi zikikutana zinakuwa ushahidi. Mwandishi wa makala haya anaona kuwa kamba ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, kwa sharti moja ambalo shauri la Abanga lenyewe linalitaja kwanza: kila jambo linalotegemewa lithibitishwe imara kwa nafsi yake. Uzi lazima uwe uzi kabla ya kusokotwa.

Kosa tulilofunzwa na riwaya

Muhammed Said Abdulla alipomtoa Bwana Msa na kiko chake katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), aliwapa wasomaji wa Kiswahili furaha ambayo hawakuwa nayo kabla: furaha ya kumtazama mtu akifikiri. Msomaji anayetembea nyuma ya Bwana Msa, pamoja na Najum, hujifunza kutilia shaka yale ambayo kila mtu ameyakubali. Hilo ni funzo jema na hatulibezi.

Hata hivyo, riwaya ya upelelezi ina mkataba na msomaji wake ambao dunia haina. Ndani ya riwaya hakuna kitu kilichoanguka kwa bahati. Kifungo cha shati kikitajwa katika sura ya pili, kimetajwa kwa sababu mtunzi amekiweka, na msomaji mzoefu hukikumbuka mpaka sura ya mwisho. Hata kile kinachopoteza njia kimewekwa ili kipoteze njia. Mahali palipouawa mtu, kwa upande mwingine, pamejaa vitu ambavyo havina mtunzi: kifungo kilichodondoka wiki iliyopita, kisu cha kuchinjia mbuzi, alama za gari la maziwa. Msomaji aliyelelewa na riwaya huviona vyote vikimkonyeza. Kwake mtu wa mwisho kuonekana na marehemu ama ni muuaji au amewekwa hapo ili tumdhanie muuaji. Hawezi kuwa jirani tu aliyekuwa akirudi kutoka sokoni. Pia riwaya humalizika kwa mtunzi kuthibitisha kwamba mpelelezi alikuwa sahihi. Jaji akishasaini hukumu yake hakuna mtunzi wa kumthibitishia.

Kanzu mbili na kikombe

Mwaka 1952 Baraza la Faragha la Uingereza lilisikiliza rufaa ya Teper, aliyekuwa amehukumiwa kwa kuchoma moto duka huko Georgetown, Guyana ya siku zile za ukoloni. Lord Normand, katika kuitengua hukumu, aliwakumbusha wasomaji wake kisa cha Yusufu na kikombe cha fedha kilichofichwa katika gunia la Benyamini. Kikombe kilipatikana guniani, na ndugu wakaharakisha kuamini kwamba ndugu yao mdogo ameiba. Alichotaka kuonyesha ni kwamba ushahidi wa kimazingira unaweza kutengenezwa, na kwa hiyo sharti uchunguzwe kwa makini.

Mfano ni mzuri, lakini msomaji wa Kiswahili, aliyekikuta kisa cha Yusufu katika Surat Yusuf, katika Biblia na katika tenzi, anajua kwamba kisa kilekile kina mifano miwili mingine, na kwa maoni yetu ni mizito zaidi. Wa kwanza ni ile kanzu iliyopakwa damu ya uongo. Ndugu wanaileta kwa baba yao na kisa kilichokamilika: tulikwenda kushindana mbio, tukamwacha na vyombo vyetu, mbwa mwitu akamla. Kuna kitu, kuna damu, kuna mnyama anayejulikana kuwa mkali. Muwala hauna ila. Katika Qur'ani, Yakubu haamini. Nao wafasiri wengi wameeleza sababu kwamba aliiona kanzu haikuchanika. Ni mbwa mwitu wa namna gani huyo anayemla kijana na kuiheshimu nguo yake? Yakubu anatumia kanuni ya Simoni Musoke karne nyingi kabla ya Simoni Musoke: anatafuta jambo lililopo sambamba linaloivunja hadithi, na analipata katika kitu kilekile kilicholetwa kuithibitisha.

Mfano wa pili ni kanzu iliyochanika katika nyumba ya bwana wake Misri. Mwanamke amemshtaki Yusufu. Mtu wa upande wa mwanamke anatoa ushauri. Kama kanzu imechanwa kwa mbele, mwanamke amesema kweli. Kama imechanwa kwa nyuma, kijana ndiye mkweli. Jambo la kuzingatiwa hapa, na ambalo sijaliona likitiliwa mkazo wa kutosha katika uhakiki wa tenzi za Yusufu, ni utaratibu. Kipimo kinatamkwa kwanza, kanzu inatazamwa baadaye. Msemaji amejifunga mikono kabla ya kujua jibu. Angeitazama kanzu kwanza ndipo atafute maana, angeweza kulifanya tundu la nyuma liseme lolote: kwamba kijana alikuwa akikimbia kwa sababu ya hatia, kwa mfano.

Mara, 1988

Tuhamie sasa katika nchi ya Wamasai. Mnamo Septemba 1988 Julie Ward, Mwingereza mwenye umri wa miaka 28, alipotea katika hifadhi ya Maasai Mara. Gari lake lilionekana kutoka angani likiwa limekwama. Tarehe 13 ya mwezi huo mabaki yake machache, sehemu ya mguu na ya taya, yalipatikana mahali pengine palipowashwa moto. Maelezo ya awali ya wakuu yalikuwa kwamba aliliwa na wanyama. Daktari aliyeupima mguu aliandika kwamba ulikuwa umekatwa. Ripoti yake ikabadilishwa na mkubwa wake isomeke kuwa ulichanika. Neno moja likafutwa, likawekwa jingine, na mnyama akaingizwa katika kisa.

Hakuna mwanafasihi atakayelisoma jambo hili asimkumbuke mbwa mwitu wa Yusufu. Baba yake, John Ward, aliisoma kanzu kama Yakubu: mnyama gani huyu anayewasha moto? Kitabu alichokichapisha mwaka 1991 kinaitwa *The Animals Are Innocent*, yaani wanyama hawana hatia. Uchunguzi wa kifo uliofanywa Nairobi mwaka 1989 ulikubali kwamba aliuawa.

Mpaka hapo usomaji ulikuwa sahihi. Lakini kumwondoa mbwa mwitu katika kisa si sawa na kumjua aliyeipaka kanzu damu, na hapa ndipo wasomaji wengi, Waingereza kwa Wakenya, walipoteleza. Askari wawili wa hifadhi walishtakiwa, nao wakaachiliwa mwaka 1992. Baadaye alishtakiwa aliyekuwa mkuu wa askari hao, Simon ole Makallah, naye akaachiliwa mwaka 1999. Jambo kubwa lililomwelekea lilikuwa kwamba yeye ndiye aliyeyapata mabaki, tena upesi mno katika eneo pana namna ile. Angejuaje pa kwenda kama hakujua tangu awali?

Swali hilo lina nguvu kwa mtu aliyezaliwa mjini. Kwa mtu wa Isinya lina jibu lililo wazi, ijapokuwa si jibu pekee: kwamba mtu aliyeishi miaka kwa kusoma ardhi anaweza kuisoma ardhi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sikuwako, wala kuwako kwangu si hoja. Nasema kwamba ndiyo yale maelezo mengine ya busara ambayo kauli ya Koske inayataka, na kwamba yanageuza upande wa kitu kilekile. Ustadi wa kufuata nyayo uliwekwa mezani kama dalili ya hatia. Kinaya chake ni kikubwa: msomaji wa alama alishtakiwa kwa sababu alizisoma vizuri.

Grace Musila, katika kitabu chake cha mwaka 2015 juu ya kifo hicho, amezichunguza simulizi zilizokizunguka, za dola mbili na za watu wa kawaida, na amezipa tetesi heshima ya kusomwa kama maarifa. Ni kazi ambayo kila idara ya fasihi nchini ingefaa kuwa nayo. Ninachokiongeza ni tofauti ya kazi. Tetesi zinaweza kutuambia jamii inaamini nini juu ya dola yake, na aghalabu jamii haikosei. Haziwezi kuwa uzi wa kamba ya kumfungia mtu mmoja mwenye jina. Hukumu zile mbili zilimuuma baba aliyetumia miaka kumtafuta muuaji wa mwanawe. Hata hivyo, kwa jinsi ushahidi ulivyokuwa, zilikuwa usomaji sahihi.

Lugha ya mashahidi

Liko jambo moja ambalo wanasheria hulipita haraka na ambalo lingepaswa kuwa letu. Shahidi kutoka vijiji vinavyoizunguka Isinya akisimama mbele ya Mahakama Kuu ya Kajiado, huenda akasema kwa Kimasai. Mkalimani akageuza kwa Kiswahili au Kiingereza. Jaji akaandika kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Inahakikisha kwamba atasikia. Haiwezi kuhakikisha kitakachobaki katika maandishi.

Chukua maneno ya ugomvi. Mtu akimwambia jirani yake kwa Kiswahili, "Utanitambua," ametisha, lakini hakuna asemaye Kiswahili atakayedhani kwamba ametangaza kuua. Ni usemi wa hasira, na husemwa sokoni kila siku na watu ambao jioni hunywa chai pamoja. Akiwa mtu huyo atakutwa ameuawa siku tatu baadaye, usemi huo utaingia mahakamani. Ukiandikwa kwa Kiingereza huenda ukawa upuuzi usio na maana, au ukawa tishio la wazi la kuua, kutegemea mkalimani alivyoamka siku hiyo. Katika shauri lenye shahidi aliyeona kwa macho, kosa hilo ni dogo. Katika shauri la ushahidi wa kimazingira, ambako nia hujengwa kwa maneno kama hayo, ni uzi mzima. Ni ajabu kwamba tunawafundisha wanafunzi wetu semi na nahau kwa mihula mingi wala hatujawapeleka siku moja kusikiliza jinsi semi hizo zinavyogeuzwa kizimbani.

Karatasi ya Syokimau

Tarehe 23 Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitoka katika mahakama ya Mavoko, jirani na Kitengela, wasifike nyumbani. Mwenda, mwendesha bodaboda, alikuwa amemshtaki askari Fredrick Leliman kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi kwa kumpiga risasi mwaka 2015. Baada ya wiki moja hivi miili yao ilipatikana ndani ya magunia katika mto, upande wa Ol Donyo Sabuk.

Wakati akishikiliwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, Kimani aliandika ujumbe katika karatasi ya chooni akaurusha nje, akiomba mkewe apigiwe simu. Ujumbe ukaokotwa. Katika taaluma yetu tumezoea kuandika juu ya mwandishi, hadhira na mazingira ya utunzi. Sijui matini nyingine ya Kenya ambayo mambo hayo matatu yamekazwa hivyo. Lakini tuwe waangalifu tunaposema ilithibitisha nini. Karatasi peke yake haikuweza kuonyesha ni nani aliyeua. Ilichofanya ni kuwaweka watu mahali fulani, wakiwa hai, mikononi mwa polisi, na hivyo kuviua visa vingine ambavyo vingeweza kusimuliwa: kwamba walitekwa na majambazi, kwamba walikwenda safari yao. Kazi yake kubwa ilikuwa ya kukanusha, kama kanzu isiyochanika.

Yaliyobaki yalisokotwa kuizunguka: kumbukumbu za simu zilizoonyesha nani alikuwa wapi, na nani aliwasiliana na nani, uhasama uliokuwa na tarehe na faili, na maelezo ya kukiri ya raia mmoja aliyekuwa mtoa habari wa polisi, ambayo baadaye aliyakana na ambayo mahakama iliyapokea baada ya kuyasikiliza mabishano juu yake. Riwaya ingetaka maelezo hayo ya kukiri yawe kilele. Mahakamani yalikuja yakiwa tayari yanapingwa, na yangesimama vibaya kama yangesimama peke yake.

Jaji Jessie Lesiit alitoa uamuzi mwezi Julai 2022. Mnamo Februari 2023 Leliman alihukumiwa kifo, na wengine watatu vifungo vya miaka 30, 24 na 20. Washtakiwa, hata hivyo, walikuwa watano. Mambo yaleyale yaliyowafunga wanne yalipimwa kwa mshtakiwa wa tano, naye askari, na hayakutosha kumfunga. Hasira ya nchi nzima ilikuwa juu ya wote watano kwa kipimo kimoja, na hakuna mwandishi wa riwaya ambaye angemwacha mmoja wao aondoke bila kueleza sababu ya kumleta. Jaji alimwachilia.